Achari ya Saa Tisa Kamili

Hakuna mtu anayetembea kwa miguu mjini Lewisville, Texas, mwezi wa Julai, saa nane mchana, isipokuwa gari lake limemzimikia njiani. Kwa hiyo Dorothea alipochungulia kwenye kitundu cha mlango akaona mzee mwembamba aliyevaa koti la suti, jasho likimchuruzika mpaka kwenye kola, mikono imekumbatia kitu kizito kilichofungwa kwa taulo, alijua mzee wa watu amepatwa na jambo.

"Hodi," mzee alisema kabla mlango haujafunguliwa. "Nimekuja kuonja achari."

Dorothea akafungua. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ni wewe uliyekuwa unatafuta Mjapani?"

Ni yeye. Jumatatu alikuwa ameandika kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa huko: "Ndugu zangu, kuna anayemfahamu Mjapani yeyote wa kunionjea achari?" Watu kumi na wanne walijibu kwa kucheka, mmoja akauliza kama yuko salama kiakili, na mmoja akatangaza kwamba anasafirisha mapipa kwenda Dar kila mwisho wa mwezi. Basi. Hakutegemea kwamba jibu la kumi na saba lingekuja kwa miguu.

"Mimi naitwa Sadock," alisema mzee alipokwisha kunywa glasi mbili za maji bila kupumua. "Si Mjapani, kama unavyoona. Ila nimewapikia miaka kumi na tisa, kwenye kambi zao za barabara kule kusini mwa Tanzania. Nakaa kwa mwanangu, nyuma ya ile shule. Dakika arobaini na mbili kutoka kwetu mpaka kwako."

"Si ungepiga simu tukufuate, baba?"

"Simu ni ya kufutia mambo," mzee alisema. "Leta achari."

Dorothea alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, shahada ya lishe iliyokuwa bado inanukia wino, na imani kwamba dunia inaweza kuokolewa na kabichi. Kituo kimoja cha jamii mtaa wa Sharpstown, Houston, kilikuwa kinatafuta mwalimu wa jiko: mtu wa kuwafundisha kina mama wahamiaji namna ya kula mboga nyingi kwa gharama ndogo. Kazi hiyo Dorothea aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Walioitwa kwenye usaili walikuwa wawili tu, na kila mmoja alitakiwa kufundisha somo moja mbele ya kina mama wenyewe. Kwa kuwa alijua mwenzake atapika chapati, yeye aliandika: achari ya Kijapani ya haraka. Alipoandika hivyo hakuwa ameionja hata siku moja. Alikuwa ameitazama kwenye simu, mara tatu.

Alitoa bakuli kwenye friji: matango, karoti na figili, zimekatwa nyembamba kwa upendo mkubwa. Mzee Sadock akachukua kipande, akafumba macho, akatafuna. Akatafuna muda mrefu.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "hii ni kachumbari iliyofiwa na nyanya."

"Nimefuata maelekezo yote, baba."

"Hebu fanya nikuone."

Dorothea akafanya. Alikata tango, akalinyunyizia chumvi, akalifikicha kwa vidole, na maji yalipoanza kutoka akafanya kile ambacho mama yake, na mama wa mama yake, na kila mwanamke aliyewahi kukata kitunguu cha kuliwa na pilau amefanya: akalipeleka bombani, akalisuuza, akalikamua kwa viganja viwili kama soksi. Kisha mkono wake wa kushoto, bila kuagizwa na mtu, ukaenda kutafuta ndimu.

"Acha hapo hapo!" Mzee alikuwa amesimama. "Nani kakwambia uoshe?"

Dorothea akafikiri. Hakuna aliyemwambia. Kwenye video yule mwanamke hakuosha kabisa. Dorothea alidhani ni kwa sababu video ilikuwa fupi.

"Mkono wako ni wa kachumbari," mzee alisema, akakaa tena kwa huruma. "Sikulaumu. Chumvi ya kachumbari inakwenda kutoa ukali wa kitunguu. Ikimaliza kazi inamwagwa. Chumvi ya hii inakuja kukaa. Sasa wewe unaikaribisha ndani halafu unaifukuza? Hata mimi nilifanya hivyo, mwezi mzima. Injinia Onishi alikula akanyamaza. Mwezi mzima, mama! Wale watu hawasemi. Siku ya thelathini akaja jikoni na hili."

Akafungua taulo. Ndani mlikuwa na jiwe la mtoni, la kijivu, laini, kubwa kiasi cha mkate.

"Umelileta kutoka Tanzania?"

"Uwanja wa ndege walinihoji mara tatu. Marehemu mke wangu alitaka niliache nibebe dagaa."

Basi wakaanza upya. Safari hii Dorothea alikata tango vipande vinene kama kidole, na majani ya kabichi kwa upana wa kiganja. Nusu kilo ya mboga, vijiko viwili vidogo vya chumvi, vilivyosawazishwa kwa kisu. Mzee hakukubali "kwa kukadiria". Tangawizi iliyokatwa kama nyuzi. Kipande cha mwani mkavu, ule ambao Dorothea aliununua kwenye duka la Waasia akadhani ni wa kupamba. Akafikicha taratibu mpaka mboga zikalegea. Sahani ikawekwa juu, na juu ya sahani jiwe.

"Sasa saa moja," mzee alisema, akatazama saa yake ya mkononi. "Wavivu wanatosheka na dakika ishirini na tano."

Katika saa hiyo moja Dorothea alijua mengi. Alijua kwamba Wajapani walimharibu Mzee Sadock. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Kadi ya harusi ikiandika saa kumi, yeye hufika saa kumi kasoro dakika tano. Alikuta kumbi zimefungwa. Alisaidia kupanga viti. Siku moja kule Grand Prairie alikutana uso kwa uso na bibi harusi akiwa na rola kichwani, anatafuta chaja. Kamati za harusi zikachoka kuaibika, na siku hizi humchapia kadi yake peke yake, yenye saa za ukweli.

"Wananiheshimu sana," mzee alisema, na haikuwezekana kujua kama anatania.

Saa moja ilipotimia aliondoa jiwe, akamwonyesha namna ya kukamua kidogo tu, "kama unavyoshika mkono wa mgeni", na akamzuia asisogelee bomba. Dorothea akaonja. Tango lililia mdomoni kama kijiti kikavu. Chumvi haikuwa juu yake bali ndani, na nyuma ya chumvi kulikuwa na utamu ambao hakuweka yeye. Machozi yalimlenga. Ndivyo alivyokuwa, aliwahi kulia pia kwa sababu ya grafu.

"Baba, nikushukuruje?"

"Jiwe nakuazima mpaka umalize mtihani wako. Mimi nataka kitu kimoja. Utengeneze mwenyewe, mimi nisiwepo, halafu nije nionje. Toka mke wangu aondoke hakuna aliyenitengenezea. Siku gani?"

Na hapo ndipo Dorothea, akiwa amejaa shukrani mpaka kooni, alipofungua mdomo. "Siku yoyote, baba! Hata Jumamosi. Karibu sana Jumamosi."

Hakukusudia ubaya. Jumamosi ndiyo siku ambayo sisi tunaokaa Marekani huweka mambo yote tusiyokusudia kuyafanya. Alisema kama mtu anayekula barazani anavyomwambia mpita njia karibu chakula: mwenye sahani anajua hakitoshi, mpita njia anajua kwamba anajua, anashukuru na kupita, na wote wawili wanabaki na heshima yao.

"Saa ngapi?" aliuliza Mzee Sadock.

Hakuna anayeuliza hivyo. Dorothea akababaika. "Aa... saa tisa?"

Mzee akatoa daftari dogo kwenye mfuko wa koti, akaandika, akalifunga.

*

"Jumamosi?" alishangaa Abigail jioni hiyo, akivua viatu vya kazini mlangoni. Abigail alikuwa binamu yake Dorothea, walikuwa wakikaa pamoja. Alifanya kazi kwenye ghala huko Grand Prairie na hakuwa na subira na watu wenye shahada. "Jumamosi si ndiyo uko Houston?"

"Nilisema tu, jamani. Mzee anaelewa."

"Mzee yupi?"

"Sadock."

Abigail akaacha kiatu kimoja mguuni. "Yule wa kadi yake mwenyewe? Dorothea! Yule alifika kwenye msiba kabla ya taarifa. Atakuja!"

"Basi wewe utampokea, nitakuachia bakuli."

"Jumamosi nina-work mpaka saa mbili usiku. Na si amesema utengeneze wewe? Jipange, msomi."

Ijumaa Dorothea aliipata namba ya Glory, mke wa mtoto wa mzee, akampigia akiwa ameandaa maneno mazuri. Glory alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mdogo wangu, nilishamwambia baba kwamba watu wa huku wana mambo mengi. Anasema aliyetoa ahadi ndiye anayeifuta, tena uso kwa uso. Simu hashiki." Akashusha sauti. "Ila nikwambie kitu. Tangu mama afariki mwezi wa pili, baba alikuwa hatoki chumbani. Jumatano nilirudi kutoka kazini nikakuta hayupo, nikapiga kelele nyumba nzima. Kumbe yuko kwako. Leo amenyoa ndevu. Na lile koti ameniletea nilipige pasi, ati lina miadi."

Dorothea alichukua funguo za gari ili aende akaifute uso kwa uso. Alifika mpaka kwenye maegesho. Akasimama pale, jua likimpiga utosini, akaona wazi akilini uso wa mzee aliyenyolewa. Akarudi ndani. Alipiga hesabu ya barabara: somo saa nne asubuhi, likiisha saa tano kasoro robo, saa nne za kuendesha. Inawezekana, kama hatakojoa.

*

Aliondoka alfajiri, jiwe na kapu la mboga kwenye kiti cha abiria. Gari likapiga kelele likidhani ni mtu asiyejifunga, mpaka alipolifunga jiwe mkanda.

Ukumbi wa kituo cha Sharpstown ulikuwa na kina mama kama ishirini, Wakongo, Wakenya na Watanzania, pamoja na Sheldon, yule mwenzake wa usaili, kijana wa Kisumu mwenye tai na slaidi thelathini kuhusu chapati za unga mweusi. Msimamizi alikuwa Mama Annonciata, mzaliwa wa Bukavu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu wavuke ziwa.

Somo la Dorothea lilianza vizuri, kisha mikono ya kachumbari ikaamka. Kina mama ishirini walinyunyiza chumvi, wakafikicha, na kwa pamoja, kama kwaya, wakainuka kwenda bombani.

"Acheni hapo hapo!" Dorothea alipaza sauti, na akashangaa ni sauti ya nani.

"Hatuoshi?" aliuliza mmoja.

"Hatuoshi."

"Na nyanya tunaweka saa ngapi?"

"Hakuna nyanya, mama."

Ukumbi ukaguna kama umepewa taarifa ya msiba. Lakini dakika ishirini na tano za kivivu zilipokwisha, sahani zikaondolewa, kukawa na mlio wa vinywa ishirini kwenye matango, na mama mmoja mzito wa kusifia akasema, "Eh! Na hii haijatumia jiko hata kidogo!" Bakuli moja, lile alilotengeneza mwenyewe, alilifunika na sahani, akarudisha jiwe juu, akalitia kwenye kisanduku cha barafu.

Mama Annonciata akamshika bega. "Mwanangu, iko bien sana. Sasa baki. Président wa komite, Docteur Cheruiyot, anakuja midi kula na ninyi wawili. Yeye njo anachagula."

Dorothea akatazama saa ya ukutani. "Saa sita? Mama, hilo sikuambiwa. Nina mtu saa tisa, Lewisville."

"Mutu gani? Muchumba?"

"Mzee mmoja."

"Mugonjwa?"

"Hapana. Anakuja kuonja matango."

Mama Annonciata alicheka mpaka akashika meza. "Unaacha kazi juu ya matango? Ule muzee, ukimwambia saa tisa, si atakuja saa kumi na moja?"

"Huyu hapana, mama."

"Ni mutu ya wapi?"

"Mtanzania."

"Haiwezekane," alisema Mama Annonciata.

Hata Sheldon, ambaye alikuwa na kila sababu ya kumfungulia mlango, alimwonea huruma. "Aki dada, si ukae tu. Lunch ni one hour. Huyo mzee ata-understand, si ni mtu wetu?"

"Tatizo ni hilo," Dorothea alisema. "Si mtu wetu tena."

Akaondoka, kisanduku kifuani.

*

Alisimama Madisonville kujaza mafuta, saa sita na dakika ishirini. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Mama Annonciata: Docteur Cheruiyot amechelewa, ana mambo mengi, sasa atafika saa tisa. "Rudi, mwanangu. Utamukuta."

Dorothea akasimama kando ya pampu. Akigeuka, saa nane atakuwa Sharpstown, na muda wa kunawa uso utabaki. Daktari mwenye kazi mkononi alikuwa anachelewa kwa saa tatu, na hakuna ambaye angemhesabia, kwa sababu ndivyo wakubwa wanavyofika. Na mzee ambaye hakuwa na kitu cha kumpa zaidi ya jiwe la kuazima, saa hizi alikuwa labda anafunga vifungo.

Katika barua yake ya maombi Dorothea alikuwa ameandika sentensi moja aliyoipenda sana: "Jamii hujengwa na mambo madogo yanayotimizwa." Aliiandika kwa sababu ilisikika vizuri. Hakujua kwamba itamfuata mpaka kituo cha mafuta cha Madisonville.

Wenyewe tunasema ahadi ni deni, na pengine ndiyo sababu hatuna haraka nayo. Dorothea alirudisha bomba la mafuta mahali pake, akaandika, "Asante mama, naendelea mbele," akaingia garini. Akalia kuanzia pale mpaka Corsicana. Kutoka Corsicana hakulia tena, kwa sababu foleni za Dallas zinataka macho makavu.

Aliingia kwenye maegesho ya Lewisville saa tisa kasoro dakika nne. Mzee Sadock alikuwa chini ya kivuli chembamba cha ngazi, ndevu zimenyolewa, koti limepigwa pasi, tai shingoni. Akamtazama akishuka na kisanduku.

"Unatoka wapi?"

"Houston, baba."

"Leo?"

"Leo."

Mzee akatazama kisanduku, akatazama macho yake mekundu, akatazama saa ya mkononi. "Bado dakika tatu," alisema. "Ingia ujiandae. Mimi nasubiri."

"Baba, jua lote hili! Ingia tu."

"Dakika tatu ni zako."

Ndani Dorothea alinawa mikono, akaondoa jiwe, akakamua kidogo, kama anayeshika mkono wa mgeni. Aliijua hali ya lile bakuli: lilikuwa limekandamizwa saa nne nzima za barabara, chumvi ilikuwa imeingia mpaka mifupani. Bomba lilikuwa pale, hatua moja. Suuza moja tu ingeliokoa. Akaacha. Akatoa ugali wa jana, kwa kuwa wali hakuwa nao, akaupasha moto.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni, saa tisa kamili.

"Karibu," Dorothea alisema, na lilikuwa neno zito kuliko alivyolizoea.

Mzee akakaa kwenye kiti kile kile cha jikoni. Akachukua kipande, akafumba macho, akatafuna. Nje kiyoyozi cha jirani kilinguruma. Akameza.

"Chumvi imezidi."

"Lilikaa na jiwe njia nzima, baba."

"Lakini hukuosha."

"Sikuosha."

Mzee akakata tonge la ugali, akafuatisha tango, akala, na kila alipofika katikati ya bakuli alilisogeza kidogo upande wa Dorothea, naye akala. Walikuwa kwenye chai, inakaribia saa kumi na moja, simu ilipotetemeka mezani. Docteur amefika, aliandika Mama Annonciata. Amekula chapati ya Sheldon pamoja na achari ya somo lako iliyobaki, amemaliza bakuli yote, ameuliza nani ametengeneza na yuko wapi. Nimemwambia ukweli. Amecheka sana. Kazi amepewa Sheldon.

"Kuna habari?" aliuliza mzee.

"Hakuna, baba. Niongeze chai?"

"Nusu."

Akaongeza nusu kamili. Mzee Sadock alitoa daftari kwenye mfuko wa koti, akafungua ukurasa ambao ulikuwa na majina mengi na siku nyingi za ahadi, akashusha kidole mstari kwa mstari mpaka mstari wa mwisho. Akatafuta kalamu nyekundu, ya kuwekea alama. Ilikuwa imekauka, kwa kutotumika. Akaipuliza, akaisugua kwenye kiganja, na kando ya jina la Dorothea akaweka alama ya vema, taratibu, ya kwanza katika ukurasa ule.

Kisha akalivuta jiwe, akalifuta maji kwa taulo, na kulirudisha upande wa meza aliokaa Dorothea.